Maswali na Majibu: Waprotestanti na Wafalme Wao

Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Uprotestanti, alimpinga Papa, mbona hakuchomwa moto? (Msomaji, Moshi)

Alikuwa na mlinzi. Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyelikosoa Kanisa kabla yake, alichomwa Konstanz mwaka 1415, tena akiwa ameahidiwa usalama. Luther alipogoma kukana maandishi yake mbele ya Charles V, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, huko Worms, Ujerumani, 1521, naye aliharamishwa: yeyote angeweza kumkamata. Akiwa njiani kurudi, watu wa Frederick, mtawala wa Saxony, wakajifanya wanamteka, wakamficha katika ngome ya Wartburg. Humo akafuga ndevu, akajiita Jörg na kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani.

Frederick mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyekusanya masalia ya watakatifu zaidi ya 18,000! Kwa maoni yangu, alichokilinda hasa ni mamlaka yake: hakutaka Roma imhukumu profesa wa chuo chake.

Kwa hiyo chanzo cha ugomvi wa Luther na Papa kilikuwa imani au fedha?

Vyote, ila fedha ndizo zilizowasha moto. Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, alikuwa amekopa kwa benki ya Fugger ili alipie cheo chake. Vyeti vya rehema, yaani hati za Kanisa za kumpunguzia mtu adhabu ya dhambi, vilipouzwa, nusu ya mapato ilienda kulipa deni hilo, nusu kujenga Basilika la Mt. Petro. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517, Luther aliuliza kwa nini Papa, tajiri kuliko matajiri wote, asijenge kwa fedha zake.

Henry VIII, mfalme wa Uingereza, alijitenga na Roma kwa ajili ya mwanamke tu?

Mwanamke, Anne Boleyn, alikuwepo, lakini tazama siasa. Henry alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe. Catherine alikuwa shangazi wa Charles V, ambaye majeshi yake yaliipora Roma mwaka 1527. Papa gani angethubutu? Mwaka 1534 Bunge likamtangaza Henry mkuu wa Kanisa la Uingereza. Thomas More, waziri wake wa zamani aliyekataa kuapa kukubali hilo, akakatwa kichwa mwaka uliofuata. Kisha mali za monasteri zikaingia hazina ya mfalme. Na cheo cha Mtetezi wa Imani, alichopewa na Papa kwa kumpinga Luther, hakukirudisha.

Angalau Waprotestanti walileta uhuru wa kuabudu?

Hapana, si mwanzoni. Felix Manz, aliyefundisha kwamba mtu abatizwe akiwa mtu mzima, alizamishwa mto Limmat mwaka 1527 kwa amri ya baraza la Zurich, Waprotestanti watupu. Mapatano ya Augsburg ya 1555 nayo yalimpa mtawala haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri; raia asiyeridhika auze mali ahame.

Ugomvi huo ulifika kwetu? (Msomaji, Bukoba)

Ulifika jirani yako kabisa. Buganda, Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti Waingereza, kufuata wamisionari wao. Januari 1892 wakapigana Mengo, makao ya Kabaka (mfalme). Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwagawia Waprotestanti bunduki na kufyatua bombomu (bunduki ya rashasha) kutoka kilima cha Kampala. Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani. Baadaye vyeo vikagawanywa kwa dini: Waprotestanti wakachukua sehemu kubwa, Wakatoliki wakaachiwa Buddu, upande wa Masaka, ambako hadi leo wao ndio wengi.