Mama anasikia taarabu na redio imezimwa

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema tangu mama apate kiharusi anakuamsha usiku upunguze redio, nawe ukiitazama imezimwa, na jirani keshasema ni majini. Mama hajarukwa na akili. Pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio, kuna sehemu inayopokea sauti na kutambua nyimbo. Kiharusi kikiijeruhi, au kikikata njia zinazoipelekea sauti, huweza kuanza kujipigia yenyewe nyimbo ilizozizoea.

Daktari Wilder Penfield aliliona hilo Montreal, Kanada, karne iliyopita. Akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, aligusa sehemu hiyo kwa umeme kidogo, na baadhi yao wakasikia muziki. Chumbani hakukuwa na santuri.

Mpeleke apimwe masikio kwanza. Uziwi ndio chanzo kikubwa cha hali hii, na pengine ni nta tu imeziba! Dawa zake zote zitie mfukoni umwoneshe daktari, ila ya presha usimwachishe. Usiku mwachie redio ya kweli kwa sauti ya chini. Kimya huupa ule muziki nafasi.

Ukiona muziki unakuja ghafla huku anakodoa macho au mkono unamchezacheza, huenda ni kifafa, aonwe haraka. Mdomo ukipinda au ulimi ukawa mzito, hospitali saa hiyohiyo. Na huyo jirani, mwambie mama anatumia dawa za hospitali.