Pembetatu Iliyosimama kwa Ncha: Maswali Yenu Kuhusu Kupisha

Mwalimu wa udereva anasema nipunguze mwendo nikiona pembetatu nyeupe yenye ukingo mwekundu. Mjomba anasema nisimame kabisa. Nimfuate nani? (Mwanafunzi, Kayole)

Mfuate mwalimu. Alama hiyo inakutaka uwapishe walio kwenye barabara unayoingia. Njia ikiwa tupu, pita. Kama kuna gari linakuja, ngoja hata ukichelewa. Mjomba anafikiria ile ya pembe nane iliyoandikwa STOP. Hapo magurudumu yatulie, hata kama barabarani hakuna hata paka. Kipimo changu ni kimoja: ukiingia na mwenzako akalazimika kukanyaga breki, hukumpisha.

Kwenye raundabauti za Uhuru Highway, Nairobi, nani hutangulia? Mimi naona ni mwenye roho ngumu. (Dereva wa teksi, South B)

Roho ngumu ndiyo inayotuweka kwenye jam. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo aliyemo ndani ya mzunguko anakujia kutoka kulia, na haki ni yake. Waliomo wakitoka, nafasi inapatikana. Tukijisukuma wote ndani, anayetaka kutokea barabara ya Haile Selassie anazibwa na anayeingia, na foleni inarudi nyuma hadi uwanja wa Nyayo. Lakini trafiki akiwepo, fuata mkono wake, hata kama taa inasema vingine. Najua wakati mwingine hushikilia upande mmoja mpaka watu wazime injini. Mtii tu.

Sisi wa bodaboda, alama hii ya kupisha inatuhusu?

Inawahusu. Na tafadhali, msipitie kwa wanaotembea kwa miguu kuikwepa.

Kwa nini pembetatu hiyo imepinduliwa? (Mama Shiro, Kasarani)

Ili ijulikane kwa umbo lake peke yake, mama, hata ikijaa matope. Hata aliye barabara kuu akiuona mgongo wake anajua kwamba yule wa kando ndiye anayepaswa kungoja. Marekani, ya kwanza iliwekwa Tulsa mwaka 1950 kwa wazo la polisi Clinton Riggs, na ilikuwa ya manjano.

Ya mtaani kwetu iling'olewa usiku, nadhani iliuzwa kama chuma chakavu. Sasa?

Tazama lami. Mistari meupe ya vipande iliyokatiza mdomo wa barabara ina maana ileile. Nayo ikiwa imefutika, wa barabara ndogo ampishe wa barabara kubwa. Kisha waarifuni KURA, mamlaka ya barabara za mijini, maana barabara nyingi za mjini ziko chini yao.