Ryzen 5 5600 juu ya B450: uliza BIOS kwanza
Umeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600 itakubali ubao mama wa B450 wa mtumba, pamoja na RAM moja ya GB 16. Itaingia, maana soketi ni ileile AM4, lakini kuingia si kuwaka. B450 zilitoka 2018, prosesa hiyo 2022. Bila BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao inayowasha kompyuta), feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Mwombe muuzaji picha ya toleo la BIOS, ulinganishe na orodha ya prosesa kwenye tovuti ya waliotengeneza ubao huo. Akisitasita, tafuta ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

RAM, badala ya moja ya GB 16 chukua mbili za GB 8 zifanye kazi sambamba, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200. Ubao ukiwa na nafasi nne, zichomeke ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kisha uwashe XMP ndani ya BIOS, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipoiwasha zitaenda polepole, na 5600 hulisikia hilo sana kwenye gemu. DDR5 haiingii kabisa.

5600 haina grafiki ya ndani, kwa hiyo waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao. Kwa kadi kama RX 6600, pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha. Hapo usibane hela tafadhali, pawa saplai mbovu huua na vingine. Na waya wa pini 8 wa prosesa unafanana na wa kadi: ukigoma, usilazimishe.