Vijana wa kuchomelea, fungeni mzigo kabla ya kuwasha gari

Wadogo zangu, leo asubuhi pale Kizota, Dodoma, nimewakuta wawili wenu mnapakia Noah: mtungi wa gesi umelazwa, regulata bado iko juu yake, grinda ina diski. Nikawashusha vyote. Mlinuna, nimeona. Nisikilizeni.

1. Mtungi wa asetilini, ile gesi ya kuchomelea, husafiri umesimama na kufungwa, regulata imetolewa, kifuniko cha valvu kimekazwa, madirisha wazi. Ndani ya mtungi mna asetoni, kimiminika kinachoshikilia gesi. Ukiulaza kisha ukautumia papo hapo, asetoni hutoka na gesi. Ila afadhali mkodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mtungi ukae nje.

2. Jenereta: funga koki ya petroli, isilazwe. Ikilala, oili huingia kwenye silinda na kamba haivutiki.

3. Kizito kikae sakafuni, kigusane na mgongo wa kiti. Hapa ndipo nilipoharibu.

Tulikuwa tunakwenda Bahi kufunga mageti. Nafasi ilikuwa imeisha, nikapandisha jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, la kilo 20 juu ya boksi la drili, nikalizungushia mpira wa tyubu. Saidia fundi wangu akasema, "Kaka, hili linacheza." Nikamjibu, "Panda twende, tumechelewa."

Tumeshapita Nala, ng'ombe wakaingia barabarani. Nikakanyaga breki. Gari likasimama, jiliwa likaendelea na safari. Mpira ulivutika tu, si ndiyo kazi ya mpira? Likatua juu ya kiti cha mbele, pale dogo aliposhikilia. Hakupiga kelele. Nilisikia pumzi akiivuta ndani, kisha akasema taratibu, "Kaka, mkono." Damu ilikuwa kidogo. Kidole cha kati kilikuwa kimelala upande.

Niligeuza gari, na njia nzima sikupata neno la kumwambia. Jioni nilikwenda mwenyewe kwa mama yake, sikutuma mtu. Mama alinikaribisha kiti, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Mkono ulipona, lakini kile kidole hakikunjiki hadi leo, na ni mkono wa kulia, wa kushikia holda, kishikio cha fimbo ya kuchomelea.

Kwa hiyo mpira wa tyubu marufuku. Nunueni mkanda wa racheti, ule unaokazwa kwa mpini, mfunge kwenye vyuma vya viti vilivyoshikwa sakafuni.

4. Diski itoke kwenye grinda.

5. Tikisa kila kitu kwa mkono kabla ya kuwasha. Mdogo kuliko wote akisema kinacheza, shukeni mfunge upya.

Kesho saa 12 asubuhi nitakuwa palepale Kizota. Mikanda miwili ya ziada ninayo, njooni mchukue.