Herman Schultz, fundi wa karakana ya gereza

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika maadui wote wa vitabu vya katuni, ni yupi anayepewa heshima ndogo kuliko anayostahili, na kwa nini? Naamini barua nyingi zitamtaja Joker au Magneto, ingawa hao sioni wamepungukiwa na nini. Mimi namtaja Herman Schultz. Ndiye Shocker, mwizi wa masefu, adui wa Spider-Man, yule mwenye suti ya njano na kahawia iliyoshonwa mirabamiraba mwili mzima.

Alitokea mara ya kwanza Machi 1967, katika toleo la 46 la The Amazing Spider-Man, Stan Lee akiandika na John Romita akichora. Historia yake ni fupi. Aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari, lakini alikuwa na kichwa cha mitambo, na kichwa hicho akakitumia kufungulia masefu ya watu. Akakamatwa akafungwa. Akiwa gerezani, ndani ya karakana wanamofanyia kazi wafungwa, akaunda mitambo miwili ya kuvaa mikononi. Mitambo hiyo hurusha hewa iliyobanwa, inayotetemeka kwa kasi kubwa mno. Ukiielekeza kwenye ukuta, ukuta unamomonyoka. Akaitumia kutorokea.

Naomba msomaji asipite haraka hapo. Huyu hakuumwa na mdudu wa maabara wala hakunyweshwa dawa ya serikali. Hakurithi kiwanda cha baba yake. Alikuwa na vifaa vya karakana ya gereza, muda mwingi na akili yake. Katika ulimwengu uliojaa miungu na mamilionea waliovaa chuma, mtu huyo aliketi kwenye benchi akatengeneza kitu kinachomwezesha kusimama mbele ya Spider-Man. Nikiambiwa hilo ni jambo dogo, sikubali.

Lakini nimeshika kalamu hasa kwa sababu ya suti yake. Nimefanya kazi za barabara, na nimeishika ile mashine ya upepo ya kupasulia zege. Aliyewahi kuishika anajua kwamba mashine haibagui: inavyolitikisa zege ndivyo inavyomtikisa aliyeishika. Jioni unashika kikombe cha chai na vidole havisikii joto. Jambo hili lina historia. Mwaka 1918, Daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, katika jimbo la Indiana, kuwachunguza wachonga mawe ya chokaa waliokuwa wakitumia nyundo za hewa iliyobanwa. Aliwakuta wafanyakazi ambao vidole vyao vilikufa ganzi na kugeuka vyeupe, hasa wakati wa baridi, kwa kuwa mtetemo wa nyundo ulikuwa umeharibu mwendo wa damu vidoleni. Na zile zilikuwa nyundo za kuchongea tu. Sasa chukua mtetemo wa kubomoa ukuta wa gereza, ufunge kwenye mikono ya binadamu mwenye mifupa ya kawaida. Kabla ukuta haujaanguka, mikono yake mwenyewe imeshakwisha.

Herman aliliona hilo mapema. Mitambo ilipokamilika hakukimbilia benki. Alitengeneza nguo nene iliyojazwa na kushonwa vipande vipande, kazi yake kuumeza mtetemo unaomrudia. Ndiyo hiyohiyo suti ambayo wasomaji wamekuwa wakiicheka miaka yote, ati kavaa godoro. Mimi nikiiangalia namwona mtu aliyejiuliza swali ambalo mashujaa wengi wenye majina hawajawahi kuulizwa na waandishi wao: nguvu hii nikiiachia mbele, nyuma itaniletea nini? Newton alishaiandika kanuni hiyo mwaka 1687, kwamba kila msukumo una msukumo wa kuujibu. Katika katuni watu hurusha miale na kunyanyua magari kama vile kanuni hiyo ilifutwa. Herman aliyeacha shule ndiye aliyeikumbuka. Tena aliinufaisha kazi yake mara mbili, maana suti hiyohiyo inayomlinda na mtambo wake humpunguzia pia makali ya ngumi za Spider-Man.

Nimempima na wenzake wanaotegemea vitu vya kujitengenezea, nisije nikaonekana napendelea. Captain Cold, adui wa Flash, yule shujaa mwenye mbio za ajabu, alitokea mwaka 1957. Leonard Snart, ndilo jina lake, alisoma makala ya kisayansi, akatengeneza silaha ya kuuvuruga mwendo wa Flash, akaingia maabara usiku ili aichaji kwa mashine kubwa iliyokuwa mle. Silaha ikatoka inagandisha barafu. Ni hadithi tamu na ninampenda Snart, lakini ukweli ni kwamba alikusudia kitu kimoja akapata kingine. Herman alipata kile alichokusudia.

Mshindani wake wa kweli ni Vulture, mzee Adrian Toomes, aliyetokea katika toleo la pili la kitabu hichohicho cha Spider-Man mwaka 1963. Toomes ni mhandisi wa umeme aliyejitengenezea mtambo wa kuvaa unaomrusha angani kwa nguvu ya sumaku. Spider-Man alimwangusha kwa kifaa kidogo cha kuizima nguvu hiyo. Katika toleo la 7 mzee akarudi, ameshaurekebisha mtambo, kifaa kile hakimfanyi kitu. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa na naukubali. Ila Toomes alikuwa mhandisi mwenye taaluma yake tangu mwanzo, na hadithi yake iliyosimuliwa baadaye inaonyesha alikuwa na kampuni pamoja na mbia aliyemdhulumu. Herman hakuwa na cheti chochote cha kumtambulisha.

Sasa tuliangalie pambano lenyewe la 1967, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Watu husahau kwamba nguvu za Spider-Man ndizo zilizotoka kwa buibui, lakini utando hakupewa na buibui. Tangu hadithi yake ya kwanza, Agosti 1962, Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, aliuchanganya mwenyewe ule utando na kutengeneza kwa mikono yake vifyatuo vya kuvaa kwenye vifundo vya mikono. Kwa hiyo toleo la 46 linawakutanisha vijana wawili wa jiji moja, kila mmoja amevaa mikononi kitu alichokiunda mwenyewe bila msaada wa mtu. Mmoja yuko chuo kikuu, mwingine katoroka gerezani. Sijui pambano lingine la zama zile lililo sawa hivyo.

Mara ya kwanza Herman anashinda. Spider-Man alikuwa na mkono mbovu, ameumizwa katika vita na adui mwingine, Lizard, na mtetemo ukammaliza. Wanapokutana tena, Peter hashindani naye kwa nguvu. Anaitazama mitambo kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, anaona kwamba inawashwa kwa vidole gumba, basi anavifunga vile vidole kwa utando visifike kwenye swichi. Kazi imekwisha pale pale. Mitambo mizima, haina hitilafu hata moja, suti nayo nzima, lakini mwenyewe hawezi kuiwasha.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyoonekana kustahili. Kifyatuo cha Peter kina swichi kwenye kiganja, hubonyezwa na vidole viwili vya kati, na hutaka kukandamizwa kwa nguvu ili asifyatue bila kukusudia anapokunja ngumi. Maana yake ni kwamba Peter alikaa akafikiria swichi: nani ataibonyeza, lini, akiwa anafanya nini. Herman aliyafikiria mambo makubwa yote, chanzo cha nguvu, mtetemo, msukumo wa kurudi, kinga ya mwili. Kisha uhai wa mtambo mzima akauweka kwenye vidole gumba viwili. Yeyote aliyewahi kutengeneza kitu cha kutumika kazini atalielewa hilo kwa uchungu. Mara nyingi kinachokuangusha ni kile kitu kidogo ulichokimalizia jioni ya mwisho, ukiwa umechoka na unaamini kazi ngumu imeshapita.

Wapo wanaosema hadithi ya Herman haina mantiki. Mtu mwenye akili hiyo si angeomba hataza, akaviuzia vifaa vyake makampuni ya migodi na ujenzi, akatajirika kihalali? Hoja ina uzito. Mtambo wa kupasua mwamba bila baruti, na nguo ya kumkinga mfanyakazi na mtetemo, hivyo viwili vingewafaa watu wengi sana, wakiwamo wale wa Bedford. Lakini vitabu hivyohivyo vilishalijibu swali hilo kupitia kwa Peter. Katika toleo la 18, mwaka 1964, shangazi yake ni mgonjwa na fedha hakuna, Peter anaupeleka utando wake kwa kampuni ya gundi. Wanavutiwa nao mpaka wanapoambiwa kwamba huyeyuka baada ya saa moja hivi. Hapo biashara inakufa na kijana anarudi mikono mitupu. Huyo ni kijana asiye na doa mbele ya sheria. Herman angeingia ofisi gani? Nani angemuuliza habari za mtambo kabla ya kumuuliza habari za kifungo chake?

Sisemi hivyo ili kuuhalalisha wizi wake. Peter alikataliwa mlangoni na hakwenda kuvunja sefu la mtu, na hiyo ndiyo sababu mmoja wao ni shujaa na mwingine ni mfungwa. Hukumu hiyo naikubali yote. Ninachodai ni kwamba adui aliyefikishwa karibu namna hii na shujaa, kwa kazi ya mikono tu, anatupa cha kufikiri zaidi kuliko adui anayetaka kuimeza sayari.

Na Herman hataki kuimeza sayari. Anataka fedha zilizo ndani ya sefu, azichukue, aondoke. Waandishi wa baadaye walimgeuza mtu wa wasiwasi, hasa baada ya 1986, pale katika Captain America toleo la 319 muuaji aitwaye Scourge alipowamiminia risasi wahalifu wadogo waliokusanyika kwenye baa. Wengine wanauita uoga. Mimi nauona ni akili timamu: ni mtu wa nyama na damu, akiivua ile suti risasi moja inamtosha. Miaka ya 2013 na 2014, Nick Spencer na mchoraji Steve Lieber walimweka katika The Superior Foes of Spider-Man, matoleo 17 ya kundi la wahalifu wa daraja la chini, ambamo wenzake wanamwona mwoga na kumtania bila huruma. Ni kazi nzuri, imemfanya apendwe na kizazi kipya, nami naishukuru kwa hilo.

Filamu ya 2017, Spider-Man: Homecoming, ndiyo ninayoilalamikia. Herman yumo, kachezwa na Bokeem Woodbine, na hakuwa mbaya hata kidogo. Lakini mtambo aliovaa hakuutengeneza. Ulikuwa wa mhalifu mwingine, Crossbones, ukafanyiwa marekebisho na fundi wa kundi lao, Phineas Mason, akaanza kupewa mtu mwingine, na yule alipouawa ndipo ukamfikia Herman. Kwa maneno mengine, wamemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Ukimwondolea Herman Schultz ile karakana ya gereza, anabaki jambazi wa kawaida aliyekabidhiwa silaha na bosi. Filamu ileile ilimpa Toomes undani wote, na anaustahili, ila nafasi ya kuwaonyesha vijana mtu aliyejiundia vitu mwenyewe ilikuwa mkononi na wakaiacha. Jambo moja tu lilinifurahisha: katika mapigano ya pale kwenye mabasi ya shule, anayemkwamisha ni Ned, rafiki wa Peter asiye na nguvu zozote, baada ya kuokota kifyatuo cha utando na kukifyatua. Hata humo, aliyemshinda Herman ni kitu alichokitengeneza Peter.

Msomaji anayetaka kumjua aanze na toleo la 46, na azisome polepole kurasa za pambano la pili, akiangalia mikono zaidi ya nyuso. Romita aliichora vizuri sana. Kisha atafute la 72, la Mei 1969, Herman anapovamia nyumba ya Kapteni Stacy, afisa mstaafu wa polisi, na kuondoka na lile bamba la kale ambalo kila mhalifu wa jiji alikuwa akilisaka.