Mama anasema nikimuoa huyu nitazika mapema

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, mvuvi wa dagaa, naishi Katonga hapa Kigoma. Nina mchumba wa Ujiji, fundi cherehani, mwaka wa tatu huu tunapendana. Ana siko seli. Mwaka jana alilazwa mara mbili, akaongezewa damu, na ile ya pili nilijua ndiyo basi tena. Nataka kupeleka posa, mama amekataa. Dada yangu alifariki kwa ugonjwa huohuo akiwa na miaka tisa, na mama anasema hana nguvu za kuzika tena. Anataka nimuache sasa hivi, eti uchungu utakuwa mdogo. Nikiwa ziwani usiku nawaza kwamba akifa nitamfuata. Shangazi, kuna faida gani kumpenda mtu unayejua utampoteza?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, natafuta mahali ulipoandika yeye mwenyewe anasemaje. Sijapaona. Mama kasema, wewe umewaza, na wenzako wa botini sina shaka nao wametoa yao. Binti anayeishi na maradhi hayo tangu utotoni hajaulizwa.

Halafu kuna jambo umelipita kimyakimya, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Wewe ni mvuvi wa dagaa. Jua likizama mnasukuma boti, mnakwenda kuwasha taa juu ya ziwa ambalo kwenye kina chake kikubwa lina zaidi ya mita 1,400, mnarudi alfajiri, siku upepo ukiwahurumia. Katika mialo yetu huku, nani asiyejua nyumba ambayo mtu aliaga jioni na asubuhi yake hakurudi? Huyo binti amekusubiri hivyo miaka mitatu. Inawezekana nyumbani kwao walishamkalisha chini wakamwambia aachane na mvuvi, atakuwa mjane kijana, naye akawakatalia. Hujui, kwa sababu katika hesabu zako yeye umemweka upande wa kufa na wewe upande wa kubaki. Nani kakupa orodha?

Mimi niliolewa na mtu mwenye afya yake. Tulikutana ndani ya Liemba nikitokea kwa dada yangu kule Kasanga. Meli inasimama mbali na ufukwe, mitumbwi inaikimbilia, watu wanashushwa na magunia na kuku, kelele tupu. Yeye ndiye aliyenishikia sanduku lisiende majini. Hakuna aliyemwambia mama yangu kwamba nitazika. Mwaka wa kumi na moja wa ndoa presha ilimwangusha bafuni asubuhi, adhuhuri tukawa tunatafuta sanda. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na walikuja watu kuniambia “afadhali hata ulimpata”. Natamani ningewafukuza. Sitakudanganya: katika siku zile nilijuta kupanda meli ile, tena si mara moja. Leo ukiniuliza nitakwambia ningepanda tena. Ungeniuliza mwezi wa pili wa eda ungepata jibu jingine, na lile nalo lingekuwa la kweli. Kwa hiyo anayekwambia ana jibu moja la swali lako, muulize alizika lini.

Hilo la “nitamfuata” sikulipenda. Kama una maana ya kujidhuru, usilibebe peke yako majini. Mwambie leo mtu unayemwamini, na uende hospitali ukaongee. Kama ni maneno ya mapenzi tu, nikukumbushe habari ya hapo Gombe. Mwaka 1972 alikufa Flo, sokwe mzee ambaye mtafiti Jane Goodall alikuwa amemfuatilia miaka mingi. Mwanawe Flint, wa miaka minane hivi, akajitenga, akaacha kula, na wiki chache baadaye naye akafa. Ukiisikia juujuu utadhani ni habari ya upendo mkubwa. Lakini Flint, katika umri ambao wenzake walishajitegemea, alikuwa bado anang’ang’ania mgongo wa mama na kulala naye kiota kimoja. Dunia yake yote ilikuwa mama. Wewe una kazi, una wenzako, una mama. Usimpandie mgongoni binti ambaye mwili wake tayari una mzigo wake.

Na kumuacha “uchungu uwe mdogo”? Ukimuacha leo, umeshampoteza leo, tena kila ukishuka soko la Mwanga utakutana naye akinunua vifungo.

Sasa tuzungumze damu, maana hapa mapenzi hayatoshi. Dada yako alikuwa na siko seli, kwa hiyo baba na mama yako wote wawili walibeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua. Wewe uliyezaliwa mzima una uwezekano wa mbili kwa tatu kwamba nawe umeibeba. Kapime. Ukikutwa hujabeba, watoto wenu watairithi kwa mama yao lakini hawataugua. Ukikutwa umebeba, kila mimba ni nusu kwa nusu: mtoto kuugua, au kubeba tu kama wewe. Mjue hilo kabla ya posa, mkiwa wawili. Ulizieni hospitali ya mkoa pale Maweni. Yeye muulize kama anahudhuria kliniki yake na kama daktari amewahi kumweleza kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza vile vipindi vya maumivu. Ujauzito kwake unataka uangalizi wa daktari tangu wiki za mwanzo. Mambo ya kusubiri tumbo lionekane hapana. Wewe kazi yako itakuwa ndogondogo na ya kila siku: maji ya kunywa yasikosekane, alale ndani ya chandarua, asipigwe baridi, na homa ikianza msikae mnaitazama. Watu wengi siku hizi wanafika utu uzima na ugonjwa huu. Mchumba wako mwenyewe ameshavuka umri wa dada yako, na sijaona ukilitaja hilo popote.

Nije kwa mama. Usimwite mkorofi, na usimtumie wazee wa kumlainisha kabla hujakaa naye wewe. Anaogopa kitu anachokijua kwa mikono yake, wakati wewe unakiogopa kwa kusimuliwa. Nadhani pia (nisamehe kama nakosea) kwamba humo ndani jina la dada yako halitajwi. Nimeona nyumba nyingi za hivyo. Picha inafungiwa kabatini na watu wanapita kando yake miaka ishirini.

Mbalamwezi ijayo, siku ambazo taa zenu hazivuti dagaa na boti zimelala, anzia Ujiji. Muulize binti anataka nini, na akijibu usimkatize. Kisha nenda kwa mama. Mpelekee migebuka miwili mizuri na chupa ya mawese, akae jikoni, mikono iwe na kazi. Hapo ndipo umuulize habari za dada yako. Yale ya hospitali unayajua, yaache. Muulize alikuwa anacheka nini, alipenda kula nini, alikuwa anakuitaje. Muulize ile miaka tisa.