Maswali ya Wasomaji: Ugenini, Uliza Saa Kabla ya Njia

Barua za safari zimeongezeka mezani kwetu. Nyingi zinauliza twende wapi. Tumechagua zile zinazouliza namna ya kwenda, kwa kuwa majibu yake yanamfaa msafiri yeyote katika eneo asilolijua.

Swali: Nina siku 4 na orodha ya vivutio 11. Kwenye ramani vyote viko ndani ya kilomita 90, lakini wenzangu wanasema sitaweza. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kupima safari kwa kilomita. Barabara ya milimani inayojipinda inaweza kula saa mbili kwa umbali unaoonekana mdogo tu kwenye ramani. Tena kila kivutio kina muda wake uliojificha: kuegesha gari, kukata tiketi, kutembea kutoka getini hadi penyewe, kusubiri kundi lililotangulia. Hesabu nusu saa ya namna hiyo kwa kila kituo, kisha ijumlishe mara 11. Hapo utaona siku inapopotelea.

Panga vivutio viwili vikubwa kwa siku, kimoja asubuhi na kingine alasiri, katikati uwe njiani. Vya upande mmoja viweke siku moja hata kama kimoja si maarufu. Nusu siku iache wazi kwa ajili ya mvua au gari bovu, lakini isiwe ya siku ya mwisho, maana hapo haikuokoi tena. Kabla ya kufunga ratiba, angalia siku za kufungwa. Makumbusho mengi hupumzika siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu.

Kwa matembezi ya mlimani, tumia kanuni aliyoiweka mpanda milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 8 yenye mpando wa mita 600 ni kama saa 2 na dakika 36, bila mapumziko. Ukiwa na watoto, ongeza nusu ya muda huo.

Swali: Nikiwauliza wenyeji kama mahali ni mbali, wananiambia "hapo tu", kisha natembea hadi nachoka. Je, wananidanganya?

Hapana, ndugu msomaji. Swali lako ndilo linaloleta jibu hilo. Mtu anayepita njia fulani kila siku haihesabu, na ukimuuliza "ni karibu, sivyo?" adabu inamtaka akubaliane na mgeni. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Nikitoka hapa saa moja asubuhi kwa miguu, nitafika saa ngapi?" Akikujibu, ongeza nusu ya muda huo, kwa sababu yeye hasimami kupiga picha wala hapotei njia panda.

Kisha uliza: "Mara ya mwisho ulipita huko lini?" Swali hili lina thamani kubwa kuliko mengine yote. Daraja lililokuwepo mwaka jana linaweza kuwa limebebwa na maji, na aliyekuelekeza kwa nia njema kabisa hajui.

Mchague wa kumuuliza kufuatana na jambo lenyewe. Hali ya barabara aulizwe dereva aliyerudi leo. Hali ya bahari aulizwe mvuvi. Anayekuuzia safari muulize bei na muda, ila kama mahali panafaa kwenda leo, tafuta pia mtu asiyepata chochote ukienda. Majibu mawili yakitofautiana, mtafute wa tatu.

Jina la mahali liandike kwenye karatasi na uwe na picha yake. Maporomoko mawili yanaweza kuwa na jina moja, au moja likawa na majina mawili. Usisahau gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Ukishajua, panga kurudi na linalolitangulia, maana la mwisho likijaa huna jingine.

Swali: Tulivuka kwa miguu hadi kisiwa kidogo, maji yakiwa vifundoni. Saa mbili na nusu baadaye yalikuwa kifuani. Tulikosea wapi?

Mlikwenda wakati maji yanamaliza kupwa, ndipo mkaanza kukaa. Kwenye pwani nyingi maji hujaa kwa takriban saa 6, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3, saa ya kwanza huleta sentimita 25 tu, na mtu anaridhika kwamba bahari imetulia. Kufikia saa mbili na nusu imeshapanda zaidi ya mita moja. Ndicho kifua chenu hicho.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba maji hayaanzi kujaa pale mlipo. Huanza kwenye mkondo wa chini ulio kati yenu na nchi kavu, nanyi mmekaa pakavu mkiangalia upande wa bahari kuu.

Vukeni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, mkiona njia inapitika, na muanze kurudi yanapofika mwisho wa kupwa. Muda husogea kwa kama dakika 50 kila siku: yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hupwa mbali na kujaa juu zaidi. Siku za maji mafu, ambapo hupwa na kujaa kidogo tu, njia ile ile inaweza isifunuke kabisa. Jedwali la maji liwe la bandari ya karibu, maana saa za bandari nyingine zinaweza kupishana sana na za hapo mlipo.

Swali: Tunafika kileleni saa sita mchana, kumejaa mawingu. Kwenye maporomoko nako hatuoni upinde wa mvua unaoonekana kwenye picha.

Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kuwa wingu. Ndiyo maana vilele vingi huwa wazi alfajiri na kufunikwa kabla ya adhuhuri. Bondeni ni kinyume: ukungu hulala humo usiku na huondoka jua likishapanda. Kwa hiyo anzeni na kilele, bonde lije baadaye. Chukueni nguo za joto, kwani joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Upinde huonekana jua likiwa nyuma yako na chini ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho. Karibu na ikweta, hiyo ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Mchana, ukiwa chini ya maporomoko, hutauona hata ukingoje. Ukisimama juu ya genge ukatazama chini kwenye manyunyu, unaweza kuupata hata jua likiwa juu zaidi.

Mkiwa chini hapo, tazameni rangi ya maji. Yakigeuka ya udongo, yakaanza kuleta majani na vijiti, au mngurumo ukawa mzito, pandeni juu mara moja, hata kama hapo mlipo hapajanyesha. Mvua imenyesha huko yanakotoka.

Swali: Ramani ya simu inanitupa mtandao ukikatika. Ninunue kifaa kingine?

Huna haja. Simu hupokea mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti, bila intaneti. Kinachokosekana ni picha ya ramani, nayo unaipakua kabla ya kuondoka. Ijaribu nyumbani ukiwa umezima data. Pasipo mtandao, zima mawimbi ya simu, kwa sababu kutafuta mnara muda wote humaliza betri. Na usiikubali njia fupi inayopendekezwa mpaka umemuuliza dereva, kwani ramani haijui kama barabara hiyo imelowa.